Lori Likizima Ghafla, Nani Anamlipa Fundi kwa Kuchunguza?

Lori kuukuu la dizeli likizima ghafla kwenye barabara ya kutoka Usagara kuingia Mwanza, iwe Buhongwa, Nyegezi au Butimba, gereji za Mkuyuni haziko mbali, na huko ndiko linakovutwa. Kinachofuata kila mwenye lori anakijua. Dereva anaeleza kwa maneno machache, fundi anapiga stata mara tatu nne, tajiri anapiga simu akiuliza gari litapona lini, na kabla jua halijazama silinda hedi imelazwa juu ya gunia, boliti zake zimo ndoani. Pengine gasketi kweli ilikuwa imeungua. Pengine ilikuwa nzima, na dizeli ndiyo iliyokuwa haifiki. Uchambuzi huu unatetea jambo moja: injini ya zamani ya dizeli inapokufa ghafla huacha ushahidi wa kutosha kumwonyesha fundi chanzo kabla hajafungua kitu chochote kikubwa, ushahidi huo huharibika kwa kufungua, na sababu kubwa inayofanya usisomwe ni kwamba hakuna anayelipwa kwa kuusoma. Fundi hulipwa kwa kufungua na kufunga. Maadamu malipo yako hivyo, kumlaumu kwa kukimbilia spana ni kumwonea.

Tuanze na mashine yenyewe. Injini zilizomo katika malori ya umri huu, kama 6D14 na 6D16 za Fuso, 4D33 ya Canter, 4BD1 ya Isuzu na ile ya lita 11 ya Scania 113, huendeshwa kwa vyuma vitupu. Hazina kompyuta ya kutunza kumbukumbu ya kosa, wala hazina plagi za kuwashia moto. Pistoni huibana hewa hadi ibaki sehemu moja kati ya 16 hadi 18 za ujazo wake wa awali, joto la hewa hiyo hupanda kupita nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inayorushwa ndani yake, ambayo huwaka yenyewe kwenye nyuzi mia mbili na kitu, inalipuka papo hapo. Kwa hiyo injini iliyo barabarani inahitaji mambo manne: hewa, mgandamizo, dizeli yenye shinikizo la kutosha, na dizeli hiyo kuingia kwa wakati wake. La tano ni kuachwa izunguke bila kizuizi. Ikizima, mojawapo ya hayo limekatika. Hapo ndipo inapoingia hesabu ya kwanza, nayo ndiyo husahauliwa. Fuso ya silinda sita ina vyumba sita vya moto, kila kimoja na zamu yake. Gasketi ikiungua kati ya silinda ya tatu na ya nne, hizo mbili hupoteza nguvu na nne zilizobaki huendelea. Injini itatikisika, itatoa moshi, itashindwa kilima, lakini kwa kawaida itaendelea kuunguruma mpaka dereva aizime mwenyewe. Valvu ya silinda moja ikiungua, ni vivyo hivyo. Ili silinda zote sita zinyamaze kwa pamoja, kilichokufa lazima kiwe kile zinachokichangia zote: njia ya dizeli kutoka tangini, pampu, kinachoizungusha pampu, gia za taimingi, stopa ya kuzimia injini, au kranki na pistoni zilizokamatwa. Silinda hedi haimo kwenye orodha hiyo isipokuwa imepitisha maji mengi kiasi cha kuikwamisha pistoni, na hilo linapimika bila kuigusa. Hata hivyo hedi ndiyo hufunguliwa kwanza.

Namna injini ilivyozima ni nusu ya jibu. Inayokosa dizeli kwa sababu ya filta iliyoziba au uchafu wa tangini hufifia: inapungua nguvu, inapanda na kushuka, inakohoa, kisha inazima, mara nyingi ikipumzishwa kidogo huwaka na kwenda kilomita chache kabla ya kurudia. Inayokatiwa dizeli kwa mara moja, kwa mfano kiungio cha kuizungusha pampu kikikatika au stopa ikijivuta, hunyamaza bila kelele na bila moshi, huku gari likiendelea kuserereka na matairi yakiizungusha injini iliyokufa. Inayovunjika ndani hupiga kelele kwanza. Inayokamatwa kwa joto huonyesha uzito: dereva anahisi gari linashikwa kwa nyuma, na asipowahi klachi matairi yanaweza kujifunga. Maelezo haya yachukuliwe na kuandikwa siku ile ile, na tandiboi naye aulizwe, kwa sababu huenda yeye ndiye aliyetazama nyuma na kuona rangi ya moshi. Dereva ana sababu ya kuficha. Akikiri kwamba mshale wa joto ulipanda naye akaendelea kukanyaga mafuta, anahofia hasara itakatwa kwenye ujira wake au kazi itaisha. Tajiri anayetaka ukweli inabidi aahidi mapema kwamba jibu halitamgharimu dereva. Bila ahadi hiyo, ushahidi wa kwanza na wa bei rahisi kuliko wote unapotea kwa woga.

Hata dereva mkweli anaweza kudanganywa na dashibodi. Sensa ya joto husoma maji yanayoizunguka. Yakishavuja yote, sensa hubaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati chuma kinaiva. Kwa hiyo kauli kwamba mshale ulikuwa kawaida haitoshi kufuta shaka ya joto, hasa kama rejeta imekutwa tupu. Hapa Mwanza kuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta chenye springi na mpira mzima, na kifuniko kilichochoka hugharimu zaidi hapa kuliko Dar es Salaam. Themostati nayo ina kesi yake. Imezoeleka kuiondoa injini inapochemsha, kwa imani kwamba maji yatapita kwa uhuru zaidi. Kwenye injini ambazo themostati ikifunguka huziba pia njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini, kuiondoa kunaiacha njia hiyo wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Barabara ikiwa tambarare na gari tupu, dosari hii haijulikani. Inajulikana siku lori limejaa mzigo na kilima hakiishi, na siku hiyo mwenye lori atasema injini imekufa ghafla, ilhali kilichoiua kiliondolewa gereji mwaka uliopita.

Baada ya maelezo, stata isiguswe. Ni jambo gumu kulikubali, kwa sababu mkono wa kila anayefika unakwenda kwenye ufunguo. Lakini kama maji au dizeli vimejaa katika silinda moja, pistoni inapanda kukutana na kitu kisichobanika, na stata ya volti 24 ina nguvu ya kupinda konrodi. Kosa lililokuwa la gasketi linageuka kuwa la injini nzima, na hakuna atakayejua kwamba lilitokea gereji. Kranki izungushwe kwanza kwa mkono, kwa soketi na bomba refu kwenye boliti ya puli ya mbele, mizunguko miwili kamili, maana injini ya mipigo minne humaliza kazi yake yote kwa mizunguko miwili. Ikizunguka kwa upinzani unaopanda na kushuka kwa mpangilio, kranki na pistoni ziko huru, na sehemu ya orodha yenye gharama kubwa kuliko zote imefutwa kwa kazi ya dakika kumi. Ikigoma, nozeli zitolewe na izungushwe tena. Maji yakiruka kutoka kwenye tundu la silinda fulani, hedi sasa ina kesi ya kujibu, tena silinda yenye tatizo inajulikana. Ikigoma hata nozeli zikiwa nje, na ilikuwa ya moto ilipozima, iachwe ipoe yenyewe bila kumwagiwa maji, ijaribiwe tena kesho yake. Pistoni iliyotanuka kwa joto wakati mwingine huachia ikipoa. Iliyoachia haijapona; imetoa nafasi ya kujua kwamba chanzo ni upozaji au ulainishaji, na huko ndiko pa kutafuta.

Oili nayo husema mengi bila spana kubwa. Kiwango kilichopanda kwenye stiki maana yake kuna kilichoongezeka, na oili haizaliani: rangi ya maziwa ni maji, wepesi na harufu kali ni dizeli inayovujia chini. Filta ya oili isitupwe. Ikatwe kwa uangalifu, chembe za msumeno zisichanganyike na za injini, karatasi yake ikamuliwe na kutandazwa, na sumaku ipitishwe juu yake. Vumbi linaloshikwa na sumaku ni la chuma, yaani ringi, slivu au gia. Chembe nyeupe nyepesi zisizoshikwa huelekea kuwa alumini ya pistoni. Zenye rangi ya shaba zinatoka kwenye beringi za kranki na konrodi. Fundi mwenye filta hiyo mkononi anaweza kumwambia tajiri ni wapi pamelika kabla ya kushusha sampu. Hii ni hazina inayotupwa jaani kila siku, na inasikitisha kuiona ikitupwa.

Kranki ikiwa huru, ndipo stata ipigwe, na mtu mmoja asimame karibu na bomba la moshi. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unaonyesha kwamba dizeli inaingia lakini haiungui, kwa hiyo itazamwe taimingi au mgandamizo. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Jaribio hili halihitaji hata shilingi moja, nalo linaigawa orodha katikati. Tuseme hakuna moshi. Skrubu ya kutolea hewa juu ya filta ilegezwe na pampu ya mkono ipigwe. Dizeli ikitoka na mapovu yasiyoisha, kuna mahali upande wa kuvuta panapoingiza hewa: mpira wenye ufa, washa ya shaba iliyochoka, bomba lililosuguana na chesisi. Isipotoka, kuna kizibo, au pampu ndogo ya kuvutia imekufa. Kabla ya kuhangaika na vipande hivyo kimoja kimoja, lipo jaribio ambalo kwangu lina thamani kuliko yote. Dumu la lita tano la dizeli safi iliyochujwa lifungwe mahali pa juu kuliko pampu, mpira unaoonyesha ndani uunganishwe kutoka kwenye dumu hadi pampu ya kuvutia, na mpira wa marejesho uelekezwe kwenye dumu hilo hilo. Hewa itolewe, stata ipigwe. Injini ikiwaka na kuendelea, kosa liko kati ya tanki na pampu, na kila kilicho mbele ya hapo, ikiwa ni pamoja na pampu kubwa, nozeli, hedi na gasketi, kimeachiwa huru kwa wakati mmoja. Mara nyingine litakutwa kwenye kipumulio cha tanki kilichozibwa na tope, ambacho dawa yake ni sindano na kitambaa. Dalili yake ni lori linalozima baada ya muda ule ule wa safari, na mfuniko wa tanki unaovuta hewa kwa sauti unapofunguliwa.

Dumu lisipoiamsha, nati za mabomba ya nozeli zilegezwe kidogo moja baada ya nyingine wakati stata inazunguka, bila kiganja kusogezwa karibu, kwa sababu dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi na kuingia mwilini, jeraha ambalo huonekana dogo na linaweza kumkatisha mtu kidole. Pampu iliyojaa dizeli isiyotoa chochote kwenye mabomba ina maelezo machache: stopa imejifunga, kiungio kimekatika na pampu haizunguki, au chuma cha ndani kinachopima dizeli kimekwama. Stopa huonekana kwa macho. Kuzunguka kwa pampu huonekana kwa macho. Kilichobaki ni cha fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na lori halihitaji kulala gereji likiwa limefunguliwa hedi ili pampu ipelekwe kwake.

Nimeipa njia ya dizeli nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayopokea kila kibaya kinachotoka nje ya injini, tena katika nchi hii imepokea mengi. Tofauti ya kodi kati ya mafuta ya taa na dizeli iliwahi kuufanya uchakachuaji kuwa biashara nono, mpaka EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta Septemba 2010 na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita ili kuifuta faida hiyo. Hatua hizo zilikuja injini nyingi zikiwa tayari zimeunywa mchanganyiko kwa miaka. Ndani ya pampu, plunja na ala yake zimeachana kwa maikroni mbili au tatu tu, wakati unywele wa mtu una unene wa takribani 70, na kinachozilainisha ni dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha. Plunja iliyolika hivyo hutoa dalili inayotambulika: injini huwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, lakini ikizimwa ya moto haiwaki tena, kwa kuwa dizeli ya moto ni nyepesi na inavuja pembeni badala ya kupanda shinikizo. Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa juu ya pampu kwa muda na injini ikawaka, plunja zinashukiwa kwa haki. Maji yasimwagwe moja kwa moja, maana chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kukwama. Adui mwingine ni maji. Kando ya ziwa hewa ina unyevu, tanki linalolala nusu tupu hupata matone ndani yake usiku, na dizeli iliyopitia kwenye mapipa na madumu hufika na maji yake. Maji huzama chini, ute mweusi wa vijidudu hukua pale yanapokutana na dizeli, na siku lori likiyumba kwenye shimo vyote hivyo huvutwa kwa pamoja. Plagi ya chini ya tanki ifunguliwe, chupa nyeupe ikingwe, isimame dakika chache. Ukweli utajitenga wenyewe.

Mgandamizo upimwe mwisho, na hapa kuna kosa linaloweza kufanywa na fundi mwenye kipimo na kitabu. Vitabu vya injini za aina hii hutaja bar 25 hadi 30 kwa injini nzima, na karibu 20 kuwa kikomo cha chini. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Shinikizo la hewa Mwanza ni kama asilimia 87 ya lile la pwani, na mgandamizo hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Injini ambayo ingesoma 26 Dar es Salaam itasoma karibu 23 Mkuyuni bila ugonjwa wowote, na inayosoma 18 Mkuyuni ingesoma karibu 21 pwani. Fundi asiyeufanyia mwinuko hesabu atahukumu ovahoo kwa injini iliyobakiza maisha. La kuangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: moja iliyo chini sana ya wenzake, au mbili zinazopakana zilizoshuka pamoja, ina habari kuliko zote sita zilizoshuka kwa usawa.

Watakaopinga wapo, na wana hoja. Ya kwanza ni ya fundi mzoefu: sikio lililokaa gereji miaka ishirini halihitaji dumu wala chupa. Uzoefu huo ni wa kweli na hauwezi kununuliwa, lakini injini iliyozima haitoi sauti ya kusikilizwa, na sikio humpa fundi dhana ambayo bado inahitaji kipimo cha kuithibitisha au kuikana. Fundi mzoefu ndiye angefaidika zaidi na mpangilio huu, kwa sababu dhana yake ya kwanza mara nyingi ni sahihi na kipimo kingemlinda siku ambayo si sahihi. Ya pili ni ya haraka. Lori la sangara linakimbizana na barafu inayoyeyuka, la nyanya linakimbizana na joto, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 mteja wa Sengerema au Geita hana tena subira ya foleni ya kivuko. Hoja hii inaangukia upande wangu. Vipimo nilivyovitaja huchukua saa chache, na mzigo unaweza kuhamishiwa lori lingine wakati vinafanyika. Hedi iliyofunguliwa bila sababu huchukua siku, hudai gasketi mpya ambayo huenda ni feki, na hulialika vumbi la gereji isiyo na sakafu kuingia kwenye silinda zilizokuwa safi. Ya tatu ni ya vifaa, nayo ni nyepesi: soketi, dumu, mpira unaopitisha mwanga, chupa, sumaku na tochi. Kipimo cha mgandamizo ndicho pekee chenye bei, na gereji kadhaa zinaweza kuchangia kimoja.

Hoja nzito ni ya nne. Injini hizi zimezeeka, watasema, zimepita kilomita zisizojulikana, na ukitafuta chanzo kimoja katika mashine ambayo kila kipande chake kimelika unapoteza muda. Afadhali ovahoo au injini ya mtumba, mambo yaishe. Kuna ukweli ndani yake. Lakini uzee wa injini huja polepole na hutangaza: kuwaka kwa shida asubuhi, moshi wa bluu, oili inayoongezwa kila wiki, pumzi inayotoka kwa nguvu kwenye mfuniko wa oili. Injini iliyokuwa na dalili hizo kwa mwaka mzima kisha ikazima saa tisa alasiri ya siku fulani ina mambo mawili yanayohitaji kutenganishwa, yaani uzee wake na tukio la saa tisa. Ovahoo hutibu la kwanza na huenda isiguse la pili. Tanki lenye tope litaisubiri injini mpya. Rejeta iliyoziba itaisubiri. Themostati isiyokuwepo itaendelea kutokuwepo. Tajiri aliyenunua injini ya mtumba na kuifunga juu ya chanzo ambacho hakikutafutwa amenunua muda wa miezi michache, na injini ya pili ikifa atalaumiwa muuzaji, kisha fundi, kisha dereva. Kwa hiyo kadiri lori linavyozeeka, ndivyo uchunguzi unavyozidi kuwa na faida, kwa sababu lori la thamani ndogo haliwezi kubeba gharama ya kukosea mara mbili.

Kama haya yote yanajulikana, na mafundi wengi wanayajua, kwa nini hayafanyiki? Tazama anavyolipwa. Fundi aliyebadilisha gasketi ana kazi inayoonekana, vipuri vilivyonunuliwa na bei iliyozoeleka. Fundi aliyetumia saa mbili na dumu, akagundua mpira wenye ufa na kuubadilisha, anaambiwa alichofanya ni kidogo na analipwa kidogo. Ameokoa mamilioni, ameambulia pesa ya chakula. Nchi hii imewahi kukabili jambo la namna hii kwenye tiba. Kwa miaka mingi homa yoyote ilipewa dawa ya malaria; mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa apimwe kabla ya dawa, na kipimo cha haraka cha tone la damu kikafika hadi zahanati. Waganga walikuwa wakijua tangu zamani kwamba si kila homa ni malaria. Kilichokosekana ni kipimo rahisi chenye nafasi rasmi katika utaratibu wa kazi. Kwa magari, wazo lenyewe si geni serikalini: kanuni za ununuzi wa umma zimekuwa zikitaka gari la serikali likaguliwe na TEMESA kabla ya matengenezo na baada yake, hata linapotengenezwa na gereji binafsi. Mwenye Fuso moja Mkuyuni hawezi kuiga ofisi, lakini anaweza kuiga mgawanyo wa kazi hizo mbili. Na VETA, ambayo huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, ingefanya jambo kubwa kama sehemu nzito ya mtihani wa fundi wa dizeli ingekuwa kumpa injini isiyowaka na kumtaka aseme kwa nini, bila kufungua hedi.

Mapatano yenyewe yanaweza kuwa mafupi. Ada ya uchunguzi itajwe na kukubaliwa lori linapofika, kwa kiwango cha kazi ya nusu siku. Fundi aandike alichokuta kwa mpangilio: maelezo ya dereva, kranki, oili, moshi, dizeli, mgandamizo. Filta zilizokatwa na chupa ya tanki zihifadhiwe mpaka tajiri au mtu wake azione. Swali gumu ni kama ada hiyo ikatwe kwenye gharama ya matengenezo pale fundi huyo huyo anapopewa kazi, na matajiri wengi watapenda ikatwe. Nadhani isikatwe. Ikikatwa, fundi atakuwa amefanya uchunguzi bure kila anapogundua kosa kubwa, na atatazamiwa kuutoza pale tu anapogundua dogo, ambapo tajiri atalalamika kwamba mpira wa elfu chache umemgharimu nusu siku. Msukumo wa kukuta kosa kubwa utakuwa umerudi. Ada ilipwe kamili, sawa kwa ufa wa mpira na kwa kranki iliyovunjika, na tajiri awe huru kulipeleka lori lake na karatasi ile kwa fundi yeyote atakayemtaka.